Kufa na Kupona: mbona wengine wanakisifia na wengine wanakiponda?

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na nalirudia hapa kwa kifupi ili na wengine wafuate. Mko watu saba huko Mwanza, mnakutana Jumapili kusoma vitabu vya zamani vya Kiswahili, na mmemaliza Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kile cha kwanza cha mfululizo wa jasusi Willy Gamba. Mmegawanyika vibaya. Wawili wanasema hawajawahi kusoma kitu kitamu kama hicho, mmoja kaishia katikati anasema ni mbio tupu ndani hamna mtu, mwingine anasema Willy hawezi kufa sasa uogope nini, dada mmoja kakasirishwa na wanawake walivyoandikwa, na kijana wenu mdogo kabisa kasema kimepitwa na wakati maana mambo ya ukombozi yalishaisha. We unauliza nani yuko sahihi, na kama muendelee na vinavyofuata au muishie hapo.

Muendelee. Hilo nalijibu kabisa mapema lisikusumbue. La nani yuko sahihi ndio refu kidogo, maana mi nimefundisha riwaya pendwa zaidi ya miaka ishirini na nimesoma miswada ya kijasusi mingi tu ya vijana wanaotaka kuandika, na nilichokiona ni kwamba wasomaji wa vitabu hivi wakibishana mara nyingi hawabishani kitu kimoja, kila mtu anajibu swali lake alilokuja nalo toka nyumbani.

Nianze na huyo kijana wa "kimepitwa na wakati", maana ndiye ninayempinga kabisa na kwake ndiko kuna mambo mengi. Kitabu kilitoka 1974, kilichapwa na East African Literature Bureau kule Nairobi. Stori unaijua, nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi, ile iliyosaidia wapigania uhuru kusini mwa Afrika, zinaibwa Dar es Salaam, zinapelekwa Nairobi, Willy anaitwa na bosi wake anaambiwa azifuate kabla hazijawafikia makaburu. Kijana anaisoma hiyo leo anaona ni kisingizio tu cha kumtoa mtu Dar aende Nairobi akapigane. Lakini Kamati ya Ukombozi sio kitu cha kutunga! Iliundwa 1963 pamoja na OAU yenyewe, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake yakawekwa Dar es Salaam, na ilikaa hapo mpaka 1994 kazi ilipoisha, na katibu mtendaji wake wa mwisho alikuwa Hashim Mbita. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar hapo hapo 1962. ANC ya Afrika Kusini walikuwa Morogoro, mkutano wao mkubwa wa 1969 walifanyia pale. Kambi ya wapiganaji ilikuwa Kongwa, Dodoma. Yaani msomaji wa 1974 akisoma kwamba kuna karatasi mjini humo ambazo zikifika kwa adui watu watakufa, hakuwa anasoma ndoto ya mtu, alikuwa anasoma habari ya mtaa wa pili.

Na kufa walikufa kweli. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa Frelimo, alifungua kifurushi Dar es Salaam, ndani kulikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu kulikuwa na bomu. Herbert Chitepo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Zimbabwe, aliuawa kwa bomu la gari Lusaka Machi 1975, mwaka mmoja tu baada ya Kufa na Kupona kutoka. Ruth First, mwandishi wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi, akauawa Maputo Agosti 1982 kwa bomu la barua ofisini kwake. Sasa mtu akiniambia Musiba anazidisha chumvi mi namwambia chukua hayo matatu uyaweke kwenye muswada kama ya kutunga, mhariri atakurudishia anasema punguza hapa, haya hayaaminiki.

Halafu kuna kitu kingine ambacho mnakisahau nyie mlioanza kusoma baada ya 1994. Nyie mwisho mnaujua. Mnajua Msumbiji walipata uhuru 25 Juni 1975, Angola Novemba mwaka huo huo, Zimbabwe 18 Aprili 1980, Namibia 1990, na Afrika Kusini wakapiga kura Aprili 1994. Kitabu kilipokuwa kinaandikwa hakuna hata moja ya hizo iliyokuwa imetokea, Mreno alikuwa bado yuko Msumbiji na jeshi lake. Hofu ya kitabu hiki haiko kwenye swali la kama Willy atapona, iko kwenye swali la kama hizi nchi zitapona, na kwa msomaji wa siku zile hilo swali lilikuwa wazi kabisa, hakuna aliyekuwa na jibu. Kwa hiyo mkikisoma tena jaribuni kusoma mkijifanya hamjui. Ni kazi ngumu kidogo lakini kitabu kinabadilika mkononi.

Angalieni hata ile safari ya Dar kwenda Nairobi. Willy anaenda Nairobi kama mtu anayeenda kwa shemeji yake, hamna shida, lugha ni moja, ndege ni za East African Airways, Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo. 1977 jumuiya ikavunjika, shirika la ndege likafa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa na ukaja kufunguliwa 1983. Mi nilikisoma wakati mpaka umefungwa, nikiwa na miaka kumi na minne, na niliona huo wepesi wa kwenda Nairobi kama ajabu kubwa kuliko bastola zote zilizomo. Kaka yangu aliyekisoma 1975 hicho kitu hakukiona kabisa. Kitabu kimoja, nyumba moja, tofauti ya miaka minane, na maoni mawili tofauti.

Sasa twende kwa yule anayesema mbio tupu ndani hamna mtu. Huyu ana hoja na msimcheke. Ila muulizeni kwanza alisoma nini kabla. Kama katoka kwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale cha 1960 na wenzake, basi namuelewa kabisa, maana Bwana Msa anakaa na kiko chake anafikiri, msomaji unakaa naye, unapewa vipande ukijaribu kuviunga kabla yake, raha yenyewe ni kufikiri pole pole. Ukitoka pale ukaingia kwa Willy Gamba unahisi umeshushwa kwenye kiti cha baraza ukatupwa kwenye basi ambalo dereva ameshaondoa. Bwana Msa anataka kujua nani kafanya. Willy anataka kuwahi. Ni ladha mbili, na mtu asimhukumu mwenye mbio kwa kuwa hakukaa.

Lakini hapo hapo siwezi kusema mbio zinasamehe kila kitu, hapana. Mimi nina namna yangu ya kuzipima mbio na nawapa wanafunzi wangu kila mwaka. Unaposoma, kila Willy anapotoka sehemu moja kwenda nyingine, simama ujiulize alijuaje aende pale. Kama jibu lipo kwenye kurasa ulizosoma, mtu alimwambia, alikuta kitu mfukoni mwa maiti, alisikia sauti akaikumbuka, basi mbio ni halali, mwandishi kafanya kazi yake ila hakukupa muda wa kuiona. Kama jibu ni kwamba alihisi tu, au alibahatika kupita njia hiyo, hapo mwandishi kakukimbiza ili usiulize. Na bahati zenyewe haziko sawa, bahati mbaya inayomtumbukiza shujaa kwenye shida hakuna msomaji anayeikataa, ila bahati nzuri ikimtoa mara mbili msomaji anaanza kufungua ukurasa kwa uvivu. Fanyeni hiyo hesabu na penseli kwenye nakala yenu. Mimi nilipoifanya kwa mara ya kwanza nilikuta Kufa na Kupona kinasimama vizuri kuliko nilivyotegemea, sehemu nyingi njia ipo, sehemu chache haipo, na hizo chache ziko zaidi kuelekea mwisho ambako hata mwandishi mwenyewe keshashika spidi ambayo hawezi kuipunguza.

Na hili la "hamna mtu ndani" mimi nalisema hivi, mtu yupo ila ameonyeshwa kwa anachofanya, hakuonyeshwa kwa anachowaza. Anavaa vizuri, anapenda starehe, anakunywa, anapenda gari zuri, halafu simu ikilia anaacha vyote anaondoka. Kwa msomaji wa leo hiyo ni sinema ya kawaida. Ila iweke Tanzania ya 1974, miaka saba baada ya Azimio la Arusha, viongozi wana miiko, kwenye fasihi wakosoaji wanataka riwaya ijenge ujamaa, ionyeshe shamba na jembe. Anakuja huyu mtumishi wa serikali, anapigania Afrika kwa moyo wote na hapo hapo anapenda suti na whisky. Wakosoaji wengi wa vyuoni walivikataa vitabu vya namna hii, wakaviita vyepesi, wakaona ni jasusi wa kizungu kapakwa rangi. Mi naamini walikosea, kwa sababu waliangalia suti hawakuangalia anatumikia nini. Jasusi wa kizungu analinda himaya inayoondoka. Huyu wetu analinda watu wanaoiondoa himaya. Sura zinafanana, kazi zimepeana mgongo, na msomaji wa kawaida aliyenunua kitabu kwa senti zake aliliona hilo siku ya kwanza bila kufundishwa na mtu.

Njama, kitabu cha tatu cha Willy, kilipotoka 1981 nchi ilikuwa imetoka vitani na Amin, vitu hamna madukani. Mi nakumbuka foleni ya sukari kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya serikali ya mkoa, unatumwa saa kumi na moja alfajiri, na watu walio kwenye foleni ile wanasomeana vitabu hivi kwa sauti ili muda uende. Watu wenye njaa ya sabuni wanasikiliza habari za mtu anayeagiza chakula hotelini, na hakuna aliyekasirika! Walikuwa wanataka kusikia zaidi, alale kwenye shuka gani, ale nini asubuhi. Mtu akiniambia hizo sehemu za starehe ni za kujazia kurasa namkumbusha foleni ile. Kwa sisi zilikuwa nusu ya utamu.

Haya, yule anayesema Willy hafi. Hapa niseme kiufundi kidogo. Kufa na Kupona kinasimuliwa na Willy mwenyewe, "mimi", kwa hiyo toka ukurasa wa kwanza unajua alipona maana anakusimulia. Halafu ni shujaa wa mfululizo, vitabu vingine viko rafu ile ile vina jina lake. Mwandishi anajua kwamba unajua. Kwa hiyo hatari lazima aihamishe, aiweke kwa watu walio karibu na Willy, kwa mwenzake wa kazini, kwa mtu aliyemfungulia mlango, kwa mwanamke aliyelala naye ambaye hujui yuko upande gani. Swali linakuwa nani atalipa. Mfululizo mzuri unalipisha, mfululizo mbaya unawapa watu majina jioni ili wafe asubuhi na wewe hujapata hata muda wa kuwapenda. Kwa hilo mi nampa Musiba alama za kati, kuna vifo vyake vinaniuma mpaka leo na kuna vingine sikumbuki hata ni nani alikufa.

Sasa dada yenu. Huyo yuko sahihi na nataka umwambie hivyo kwa jina langu. Wanawake wa vitabu hivi wanaingia kwa uzuri wao, wanaelezwa umbo kabla ya akili, halafu wanagawanywa, huyu wa kitandani, huyu wa mtego, na mara nyingi ni huyo huyo mmoja. Mimi nilivisoma miaka mingi nikiruka hizo sehemu au nikizichekea na wenzangu wa kiume, mpaka binti yangu mkubwa alipokisoma kidato cha tatu akaniuliza, baba huyu mwanamke alikuwa anafanya kazi gani kabla Willy hajaja? Nikarudi kutafuta, sikuipata. Kazi hana, ndugu hana, ana mlango na kitanda. Nilinyamaza siku ile. Usikubali mtu amjibu dada yenu kwamba ndio zama zilikuwa hivyo, maana zama hizo hizo kulikuwa na wanawake kwenye harakati zenyewe, wabeba silaha, wenye ofisi, na Ruth First niliyemtaja hapo juu aliuawa kwa sababu ya kalamu yake. Mwanamke wa hivyo angekaa vizuri mno kwenye stori ya Willy Gamba, na hadithi ingekimbia kuliko inavyokimbia, kwa sababu angekuwa na sababu zake mwenyewe za kusaliti au kutokusaliti. Hapo ndipo mbio zimeruka kitu ambacho stori ilikuwa inakihitaji. Kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mfululizo, kubwa kuliko bahati na kuliko kutokufa.

Na wale wawili waliokisifia sitaki waonekane wepesi kwa vile nimeongea muda mrefu na wanaoponda. Kumshika mtu saa nne usiku, kachoka, ana kazi kesho, na asiweke kitabu chini mpaka saa nane, hiyo ni kazi ya ufundi na wengi waliojaribu wameshindwa, nimeona miswada yao. Musiba anaweza. Anafunga sura mlango ukiwa unafunguliwa, anafungua inayofuata ukiwa ndani tayari. Sentensi zake fupi, mazungumzo mengi, Kiswahili ni kile cha watu wa mjini bila mapambo. Faraji Katalambulla alishafungua njia na Simu ya Kifo 1965, lakini ile ni upelelezi wa mauaji mjini. Musiba aliichukua ile spidi akaipa bara zima. Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango wamekuja baadaye wakipita kwenye barabara iliyokwisha chongwa.

Sasa mpangilio, maana uliuliza. Fuateni miaka. Mmemaliza cha 1974, nendeni Kikosi cha Kisasi cha 1979, halafu Njama. Sio kwamba mtapotea mkiruka, kila kimoja kinajitegemea, na mimi mwenyewe nilianzia cha katikati. Ila mkifuata miaka mtaona kitu kimoja ambacho anayeruka hakioni. Willy hazeeki, adui ndiye anayesogea. Cha kwanza kinatoka Mreno yupo Msumbiji na Angola. Cha pili kinampeleka Willy Kinshasa, Mreno keshaondoka na vita ya Zimbabwe ndio imepamba moto. Cha tatu Zimbabwe iko huru na kaburu amebaki na kona yake, na mtu aliyebanwa kona ndio anapiga ovyo. Mfululizo unaweza kuusoma kama ramani inayobadilika rangi kutoka juu kwenda chini, na nadhani hata yule kijana wa kimepitwa na wakati akisoma vitatu kwa kufuatana atanyamaza kidogo.

Kwenye kikao chenu cha Jumapili ijayo usianze kwa kuuliza nani kakipenda, anza kwa kuuliza kila mtu alisimama ukurasa gani kwenda kulala na kwa nini pale. Aliyesimama kwa kuchoka na aliyesimama kwa hasira na aliyeshindwa kusimama, mkishajua kurasa zao mtajua mnabishana nini hasa, na mtarudi kwenye kitabu chenyewe badala ya kurudia rudia kwamba kitamu, kibaya, kitamu, kibaya.

La mwisho ni la kununua. Mkipata nakala za zamani kwa wauza vitabu vilivyotumika kuweni makini. Nakala yangu ile ya utotoni niliazimwa na jirani, ilishapita mikono mingi, na vitabu vile vimefungwa kwa mafungu ya kurasa, gundi ikiachia kinadondoka kifungu kizima. Yangu ilikuwa imepoteza kifungu cha mwisho. Nilifika pale Willy yuko matatani, nikageuza, nikakuta jalada. Nikaenda kuuliza watu, kila mtu akanipa mwisho wake, mmoja akaniapia kwamba Willy alikufa, mwingine kwamba alioa, fundi baiskeli mmoja akanisimulia mwisho mzuri sana wenye treni ambao nimekuja kugundua aliutunga pale pale akiwa anaziba pancha yangu. Miaka miwili nimekaa hivyo mpaka nikaipata nakala nzima kwa binamu yangu Tabora, nikaisoma nimesimama. Kwa hiyo kabla hujalipa mdogo wangu, acha jalada, fungua nyuma kabisa, angalia namba ya ukurasa wa mwisho, halafu hesabu.